Kiangazi cha Binti wa Sajini Mjini Bujumbura

Mvua zikisha kukatika mwezi wa Juni, Burundi huingia katika majira ya sherehe. Mazao yamekwisha kuvunwa, njia zimekauka, ndugu walioko Ulaya na Kanada wamekata tiketi za kurudi nyumbani, na familia zilizokuwa zikichanga fedha kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka sasa hutangaza tarehe. Tarehe 1 Julai ni sikukuu ya uhuru uliopatikana mwaka 1962. Kuanzia hapo hadi mwezi wa Septemba ni shida kuipata Jumamosi ambayo mji wa Bujumbura hauna harusi, kikao cha mahari au sherehe ya kumaliza matanga. Mara nyingine zote tatu huangukia mtaa mmoja kwa saa ile ile, kila moja na vipaza sauti vyake.

Kazi ya kuziandaa sherehe hizo siku hizi ina wenyewe. Zamani jirani alileta viti, shemeji akaleta sufuria, na vijana wa mtaa wakajenga kibanda cha majani ya migomba. Hayo bado yapo vijijini. Mjini yako makampuni, madogo kwa makubwa, yanayokodisha mahema, viti, mapambo na vyombo vya muziki, pamoja na watu wa kuwapokea wageni na kuwaketisha, ambao huitwa watu wa itifaki. Kwa kuwa kazi huwa nyingi katika miezi ile ile ya likizo kuu, makampuni hayo huwachukua vijana kwa mafunzo ya kazi, yaani ‘staji’ kama wasemavyo watu wa Bujumbura. Hivyo barua ya namna hiyo yaweza kuingia siku yoyote katika nyumba ya askari, mkononi mwa kijana anayeomba ruhusa.

Tumchukue binti mmoja, ndugu msomaji, ili mambo yaonekane vizuri. Ana umri wa miaka 21, ni mtoto wa sajini aishiye Gitega, na anasomea uendeshaji wa biashara. Amepata nafasi ya miezi mitatu. Mshahara hakuna, yapo maneno ya “nauli kidogo” ambayo kiasi chake hakikutajwa. Baba ameisoma barua mara mbili kisha ameiweka chini ya redio. Siku ya tatu anasema, bila ya kumtazama mtu: “Mwanangu nimemsomesha ili akabebe viti vya watu bure?”

Swali hilo si la kuchekwa. Mafunzo yasiyo na ujira yanalipiwa na mzazi: nauli ya kila siku, chakula cha mchana, simu, viatu vyeusi vya kusimamia saa nane, blauzi nyeupe mbili kwa sababu moja haitakauka. Mshahara wa sajini unajulikana na kila aliye kambini. Ubaya hasa ni kukubali kwa mdomo mambo ambayo yangeweza kuandikwa. Kabla ya kutia sahihi, yafaa baba aombe barua iseme saa za kazi na siku za mapumziko, iseme ni nani atakayemfikisha binti nyumbani pindi sherehe ikimalizika usiku, na itaje mtu atakayetia sahihi ripoti yake ya mafunzo. Mwajiri mwema hukubali katika dakika kumi. Akikasirika kwa kuombwa hayo, basi amekwisha kujieleza.

Lakini mama wa nyumba hiyo anamjua mumewe, naye anajua kwamba viti si neno lililo zito zaidi. Neno zito ni Bujumbura yenyewe. Katika miaka ya 1994 na 1995 mitaa ya mji huo iligawanyika kwa ukabila. Zilikuwako siku zilizotangazwa kuwa za ‘mji umekufa’, ambapo maduka yalifungwa na aliyethubutu kutoka alikuwa hatarini. Kamenge ilibaki magofu. Mtu aliyekuwa kijana wakati ule, awe alivaa sare ya jeshi la zamani au aliingia jeshini kutoka msituni baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ana ramani ya Bujumbura kichwani mwake ambayo si ramani ya barabara. Ni ramani ya mahali pa kupita na mahali pa kutopita. Sheria za Desemba 2004 ziliunda jeshi jipya na polisi mpya, watu waliopigana wakalala katika bweni moja na kula katika sufuria moja. Ila ramani ile ya kichwani haifutwi kwa sheria.

Hatimaye shangazi ndiye anayelikata shauri. Ameolewa Buyenzi, ana chumba kimoja cha ziada, na amepiga simu: “Kaka, mlete. Atakula tunachokula.”

Kutoka Gitega hadi Bujumbura ni safari ya kilometa mia moja hivi, kupitia Muramvya na Bugarama. Gitega, ambayo ndiyo mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama ni juu zaidi, baridi, ukungu, na mafungu ya kabichi na karoti kando ya barabara. Baada ya hapo gari huteremka kona baada ya kona, likiwapita vijana wa baiskeli waliojishika nyuma ya malori. Ziwa Tanganyika likionekana chini kama bati lililoanikwa juani, sweta huvuliwa. Binti wa milimani hupata usingizi mbaya wiki ya kwanza kwa ajili ya joto. Hilo hupita.

Siku ya kwanza ya kazi atahesabu viti. Siku ya pili pia. Watu wengi hukata tamaa hapa, wakidhani wanaonewa, na huenda wengine wanaonewa kweli. Lakini yafaa ajue kwamba katika sherehe za Burundi kiti si kiti tu. Katika kikao cha mahari familia mbili huketi zikitazamana. Msemaji wa upande wa mume huomba kwa Kirundi cha wazee, cha mafumbo mengi, na msemaji wa upande wa mke hujifanya hakusikia, au hakumbuki kama katika nyumba hiyo mna binti. Huzungumzwa ng’ombe hata pale ambapo kitakachotolewa ni fedha ndani ya bahasha. Maneno hayo hayawezi kwenda vizuri kama mjomba wa bibi arusi ameketishwa nyuma ya nguzo, au kama viti vya upande mmoja vina vitambaa na vya upande wa pili havina. Mzee aliyeketishwa vibaya hasemi kitu. Hunyamaza, na kunyamaza kwake hukumbukwa miaka kumi.

Kwa hiyo anayehesabu viti anahesabu watu. Baada ya wiki mbili binti wetu ataanza kuuliza maswali yanayofaa: bibi mzaa baba yupo? Anaweza kupanda ngazi? Pombe ya mtama, ile inywewayo kwa mirija kutoka katika chungu kimoja, italetwa upande gani kwanza? Kreti za bia na za soda zimehesabiwa mbele ya nani, na chupa tupu zitahesabiwa na nani? Katika matanga mambo hugeuka. Warundi wana sherehe mbili za kuwatoa wafiwa katika msiba, ‘guca ku mazi’ na baadaye ‘kuganduka’, na humo sauti hupunguzwa, mapambo hupunguzwa, na mtu wa itifaki hupita kwa unyayo mwepesi. Kijana asiyeweza kutofautisha uso wa harusi na uso wa matanga, hata akiwa na cheti gani, kazi hii haimfai.

Ngoma nazo zina mlango wake. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Katika Kirundi neno ‘ingoma’ ni ngoma na ni ufalme pia, na huko Gishora, karibu na Gitega alikozaliwa binti wetu, mahali pa ngoma za Mfalme Mwezi Gisabo pangali pakitunzwa. Mwezi wa Oktoba 2017 ilitolewa amri ya Rais iliyowakataza wanawake kupiga ngoma hizo, na iliyotaka kikundi chochote kitakachopiga nje ya sherehe za serikali kiombe kibali na kulipa ada. Yako maoni mengi juu ya amri hiyo, hasa kwa upande wa wanawake waliokwisha kujifunza kupiga. Mtu wa itifaki hulazimika kuijua kabla ya kuahidi. Bwana harusi aliyeambiwa kuwa wapigaji watakuja, wasije kwa sababu hakuna aliyepeleka barua wizarani, hasikilizi habari za utamaduni.

Kuhusu tarehe 1 Julai, askari anayesoma ukurasa huu hahitaji kufundishwa. Gwaride ni sherehe kubwa kuliko harusi zote, nayo huandaliwa kwa mambo yale yale madogo: nani asimame wapi, nani aingie baada ya nani, maji ya kunywa yako wapi, aliyezimia kwa jua apelekwe mlango gani. Uwanja wa zamani wa Prince Louis Rwagasore, ambao tangu mwaka 2019 huitwa Intwari, umejaa kumbukumbu za mazoezi ya asubuhi. Labda hapo ndipo baba na binti wangeweza kuelewana mapema kuliko walivyodhani. Kazi aliyoiita ya kubeba viti ndiyo kazi ambayo yeye mwenyewe amekuwa akiifanya kila kiangazi kwa amri ya mkubwa wake.

Juu ya siku za mapumziko pana jambo la kusemwa waziwazi. Kijana wa kuandaa sherehe hana Jumamosi kama watu wengine, maana Jumamosi ndiyo siku ya harusi. Asubuhi yake ni ya kazi za maendeleo za mtaa, ambapo magari hayatembei ovyo. Baada ya hapo mahema hupanda. Ndiyo maana siku za kupumzika zahitaji kuandikwa katika barua ile: walau Jumapili, na Jumamosi moja au mbili kwa mwezi. Binti asiyepewa siku hizo atarudi Gitega akiijua kumbi sita na njia moja ya basi.

Mji wenyewe huanzia mlangoni pa shangazi. Buyenzi ndio mtaa wa Waswahili wa Bujumbura tangu enzi ya Wabelgiji, njia zake zimepewa namba, misikiti yake inasikizana, na mafundi wa magari wamelala chini ya injini toka asubuhi. Hapa Kiswahili hakifundishwi, kinaokotwa. Binti aliyekisoma shuleni kwa sarufi atachekwa siku mbili tatu, kisha atazoea, na wateja wa mtaa huo watakapokuja ofisini yeye ndiye atakayeitwa. Shangazi atamwonya: “Mwanangu, ukitoka hapa ujitande khanga, na ukipita mbele ya wazee uwasalimu wote, siyo unayemjua peke yake.” Jioni kuna sambusa, chapati na chai ya tangawizi. Bei za vitambaa vya mapambo katika soko la Ruvumera, lililo humo humo Buyenzi, zitamwonyesha pia kwamba kampuni yake imekuwa ikinunua ghali mahali pengine. Hilo aliseme kwa adabu.

Katikati ya mji ataona mahali palipokuwa soko kuu, lililoteketea kwa moto Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013. Wafanya biashara waliopoteza mali siku ile walitawanyika katika masoko mengine, na wazee wa mji hata sasa huelekeza watu kwa kusema “karibu na soko la zamani”. Kutoka hapo hadi kando ya ziwa si mbali kwa miguu. Kutembea kwa miguu, kwa kweli, ni jambo atakalojifunza apende asipende, kwani uhaba wa mafuta ya magari umeusumbua mji mara kwa mara katika miaka hii, na mistari ya watu vituoni jioni ilikuwa mirefu kuliko ya kanisani. Viatu vya kazini avibebe mfukoni.

Jumapili nyingine apande kilimani, penye kaburi la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore. Chama chake kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi akiwa mezani katika hoteli moja kando ya ziwa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Shuleni binti alilijifunza jina hilo kwa ajili ya mtihani. Akisimama pale juu, huku mji wote umelala chini hadi kwenye maji, na milima ya Kongo iko ng’ambo, ataona jinsi umbali kati ya kilima na ile hoteli ulivyo mdogo, na jinsi miaka 29 isivyo mbali na 21.

Ziwa nalo lisichukuliwe kwa wepesi. Lina kina cha meta 1,470 mahali palipo na kina kirefu zaidi, na katika dunia nzima ni Baikal peke yake lililo na kina kuliko hilo. Pwani ya Bujumbura ni tamu jioni, mukeke wa kuchoma na ndizi za kukaanga, lakini viboko hutoka majini usiku na mamba wapo, kwa hiyo si mahali pa kuogelea kwa kufuata wenzio. Katika miaka ya karibuni maji yalipanda yakaingia nyumba za Kibenga na za Gatumba, na baadhi ya kumbi za ufukoni zilizokuwa zikikodishwa kwa harusi zilipata hasara. Mwandalizi wa sherehe hujifunza hapo kuuliza swali ambalo mapambo hayalijibu: maji yalifika wapi mwaka jana?

Kwa mtu mwenye nafasi ya siku nzima, kuelekea kusini kilometa kumi na kitu liko jiwe la Mugere, lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wako watakaomwambia kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, karibu na Kigoma ya leo, na hapa walilala tu walipokuwa wakilizunguka ziwa upande wa kaskazini. Makumbusho Hai ya mjini, yaliyofunguliwa mwaka 1977, yana nyumba ya jadi, ufundi wa mikono na mamba asiyependa wageni. Wadogo zake wakija kumtembelea, awapeleke huko.

Kamenge ataifikia mwishoni, na pengine kwa sababu ya kazi: kuna harusi, hema limekwisha kutangulia. Atavuka kutoka Ngagara kwa miguu akiwa na kitabu cha majina ya wageni kwapani. Atakipita Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo watoto wa mitaa ya kaskazini walicheza mpira pamoja hata wakati ambapo wazazi wao hawakuweza kusalimiana. Hatakumbuka kitu chochote, maana hakuwako. Atatazama saa yake tu, kwa kuwa bibi arusi anachelewa.

Mwishoni mwa Septemba baba atateremka kumchukua, maana masanduku yamezidi na sajini hapendi mzigo wake uletwe na mtu mwingine. Ripoti imetiwa sahihi. Nauli ile kidogo ilitolewa miezi miwili, wa tatu ukasahauliwa, na barua iliyoandikwa ndiyo itakayoidai. Kampuni imemtaka arudi mwezi wa Desemba, safari hii kwa malipo. Baba atakunywa chai kwa shangazi, atasema gari la Gitega linaondoka saa nane, na binti atamwambia kwamba bado wana saa tatu, na kwamba iko nyumba moja Kamenge ambako lazima arudishe vitambaa vya meza.

“Tutapanda gari,” baba atasema.

“Si mbali, baba. Twende kwa miguu.”

Watatoka pamoja, binti mbele na furushi la vitambaa kichwani, akiwasalimu wazee wa Buyenzi mmoja mmoja. Watavuka daraja la mto Ntahangwa. Baba atakuwa akitazama kona za nyumba, madirisha, na mahali ambapo zamani palikuwa na kizuizi cha barabara na sasa pana mwanamke auzaye maembe. Pale barabara inapoingia Kamenge atasimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu. Binti ameshatangulia hatua ishirini. Atageuka, aweke furushi sawa kichwani, na kumngojea.